Mwaka Aliorudi Mwana wa Bibi Sultana

"Mwaka huu hafagii," alisema jirani yangu Vida akiwa ameegemea ukuta wa ngazi yake. "Afagie ya nini? Alichokuwa akikililia amekipata, kimo ndani kinakoroma."

Ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa Av, sisi Wayahudi tunapofunga na kuomboleza Hekalu letu lililobomolewa. Mpaka adhuhuri tunakaa chini sakafuni, bila viatu vya ngozi, na hakuna kusalimiana. Lakini jua likishapinduka, wanawake wa ua wetu hapa Yerusalemu huinuka na kufagia nyumba, kwa kuwa mama zetu walituambia kwamba Masihi huzaliwa siku hiyo hiyo ya msiba. Hatutaki atukute na vumbi.

Wa kwanza kushika ufagio alikuwa Bibi Sultana, mshona magodoro, kila mwaka. Alizaliwa humu uani na akaolewa humu humu, chumba cha tatu kutoka kisimani. Mumewe alikufa kwa homa wakati wa vita, enzi za Waturuki. Mwanawe wa pekee, Nissim, alipanda meli kwenda Ajentina. Zikaja barua mbili, kisha kimya cha miaka kumi na mmoja. Nilipohamia hapa, bibi harusi wa juzi, nilimwona akifagia huku machozi yanamtoka, akapita lango, akafagia mpaka njiani. Kila mtu aliniambia, huyo anamngoja Masihi amrudishie mtoto. Niliamini.

Basi mwaka huu, wiki chache baada ya Pasaka, Nissim akaingia langoni na kitambi na meno mawili ya dhahabu.

Tangu hapo nilikuwa namtazama mama yake. Sikuwa na ubaya, nilitaka tu kujua. Asubuhi ile wakati wa maombolezo nilimwona ameketi sakafuni kati yetu, macho makavu, anageuza geuza kidole kwenye upindo wa gauni lake. Hakutoa hata chozi moja.

Adhuhuri ikapita. Fagio zikaanza kusikika kila chumba. Mlango wa Bibi Sultana ulikuwa wazi nusu, naye bado amekaa chini.

"Nilisema nini?" Vida akaniita. "Nilisema nini, mama Hayim?"

"Punguza sauti, Vida. Atakusikia."

"Leo tumekatazwa kusalimiana tu."

"Kusengenya kumekatazwa mwaka mzima."

"Basi hiyo nimeshaizoea!"

Nilimbeba mwanangu nikavuka ua. Kichwa kilinizunguka kidogo kwa funga na kunyonyesha. Nissim alikuwa amelala kitandani, mkono usoni. Bibi Sultana alinipisha nikae karibu yake, juu ya gunia la pamba.

"Vida amekutuma?"

"Hapana, bibi. Nimejituma."

"Wanasema nimeshiba."

Nilijifanya kumweka mtoto vizuri mapajani.

"Usione haya, hata mimi nilisema hivyo," akasema. "Aliporudi nililia siku nzima. Nikampikia biringanya, nikamfulia soksi. Kesho yake nikaamka, nikajipapasa hapa kifuani, nikakuta huzuni iko pale pale. Nikashangaa, mwanangu. Hii ya nani? Wangu si huyo, anakoroma?"

"Labda ni mazoea, bibi."

"Hilo ndilo lililonitia hofu. Asubuhi nimekaa pale nikijikamua chozi kama mtu anayekamua ndimu iliyokauka. Nikasema, kumbe miaka yote ile nilikuwa namtumia Masihi kama tarishi wa barua."

Nissim akageuka upande wa pili. Mama yake akamvutia shuka, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Halafu sasa hivi, fagio zenu zilipoanza, nikamwazia Mwenyezi Mungu. Mimi mwanangu yuko hapa. Yeye wanawe wametawanyika dunia nzima, na nyumba yake imebomoka, na hakuna anayemwuliza, umeamkaje? Miaka kumi na mmoja tu mimi ilinizeesha. Yeye je? Zamani sikuwa na nafasi ya kumwonea huruma, nafasi yote ilishikwa na huyu." Akamwonyesha Nissim kwa kidevu.

Sasa uso wake ulikuwa umelowa. Aliufuta kwa mkono kwa haraka, kana kwamba ni jambo lisilohusiana naye.

"Basi mbona hufagii, bibi?"

"Naogopa nikiinuka nitaanza tena kuomba mambo yangu. Mgongo. Mke kwa Nissim. Yanakuja yenyewe, unajua." Akanitazama. "Wewe ukifagia huwa unaomba nini?"

Nilikuwa nimemfunika mtoto kitambaa usoni. Nikakiinua kidogo aone kope zilivyovimba na kugandana kwa usaha.

"Macho ya Hayim," nikasema. "Wiki ya tatu hii. Sijui kama naweza kuomba kitu kingine, bibi."

Alimpuliza taratibu kwenye paji la uso. Kisha akashika bega langu, akainuka kwa shida, akachukua fagio mbili nyuma ya mlango.

"Mlaze hapo kwenye pamba. Macho yake nitayaombea mimi kesho, na keshokutwa, na kila siku mpaka yafunguke. Lakini sasa nisaidie, peke yangu sitaweza. Shika huu. Kutoka hapa mpaka langoni, hatua ishirini tu, tufagie bila kuomba chochote chetu."