Nyuzi za Shali ya Manjano

Nilipokuwa mtoto sikumwamini mtu yeyote aliyemsifu mtoto mchanga. Nilifunzwa hivyo na nyanya yangu, ambaye kwetu Kisii tunamwita magokoro, na magokoro hakuwa mtu wa kufundisha jambo nusunusu. Mgeni akisema mtoto ni mzuri, unamtazama machoni, halafu unamfunika mtoto. Akirudia, unakumbuka kwamba kuna nguo umeacha kwenye kamba, unaondoka na mtoto wako.

Huko kwetu milimani, karibu na Nyamache, inaaminika kuna watu wenye jicho. Si wachawi. Mchawi anakusudia, na akishtakiwa anaweza kukana. Mwenye jicho hakusudii lolote. Amezaliwa nalo, na akimtazama mtoto mweupe mwenye ngozi laini, vitu vidogovidogo vinaanza kumganda mwilini, punje, vumbi, nyuzi, mpaka vinapenya ndani na kumziba kifua. Dawa yake ni samli. Mtoto anapakwa na kukandwa polepole hadi vitu hivyo vitoke. Nikiwaza sasa naona ubaya wa imani hiyo: anayeshukiwa hana la kujitetea, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hawezi kuapa kwamba jicho lake ni jema.

Mdogo wangu Moraa alizaliwa mweupe, tena mwezi wa Julai, wakati baridi ya kwetu inaingia hadi mifupani. Akina mama wa kanisa walikuja kumpongeza mama, zawadi zote zikiwa kwenye karai moja: sabuni, unga wa wimbi, ndizi, na shali ya manjano ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Nani ameleta nini haikusemwa. Ndivyo walivyozoea kufanya, ili asiye na kitu asione haya. Tangu siku hiyo Moraa hakutolewa kwenye shali ile, hata usingizini.

Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinakoroma, akaacha kunyonya. Magokoro akaniita jikoni.

"Nani amemwangalia huyu mtoto?"

Nilikuwa na miaka tisa. Siku mbili nyuma, mama alikuwa ameniachia Moraa akaenda kuchuma chai, na jirani yetu Mama Bosibori akapita kuniletea ndizi mbivu. Aliinama akamwangalia mtoto, akasema, "Huyu ni mzuri mono," yaani mzuri sana, akaenda zake. Nilimweleza magokoro yote, hata ambayo hakuuliza. Nilisema Mama Bosibori alimkazia macho kwa muda mrefu. Nilisema mtoto alilia. Hilo la kulia nililiongeza mimi.

Magokoro akamvua Moraa, akampaka samli mgongoni na kifuani, akaanza kumkanda kando ya moto. Mama alisimama amejishika mdomo, akiomba kimyakimya. Baadaye magokoro akafungua kiganja. Ndani ya samli kulikuwa na nyuzi nyembamba, nne au tano.

"Mmeona?" akasema. "Huyo mama si wa kuachiwa mtoto."

Mimi niliona. Nyuzi zilikuwa za manjano. Shali ilikuwa palepale juu ya kigoda, na yeyote mwenye macho angeweza kulinganisha. Nilinyamaza. Najua watu watasema mtoto huwaogopa wakubwa, lakini sitaki kujificha hapo. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza neno langu kuaminiwa katika nyumba ile, na nilipenda.

Asubuhi baba alimpeleka Moraa zahanati, akadungwa sindano siku tano mfululizo, akapona. Sifa ilipewa samli. Magokoro alizikunja zile nyuzi kwenye jani la mgomba akazionyesha kisimani. Kila mtu aliona nyuzi, hakuna aliyeona rangi.

Hakuna pia aliyemwambia Mama Bosibori lolote ana kwa ana. Kwetu hatusemi, tunahama. Kanisani akina mama walihama benchi lake mmojammoja, huyu Sabato hii, yule Sabato ijayo, mpaka akabaki peke yake karibu na mlango. Akitokea kisimani, watoto walifunikwa. Miaka hiyo nyumba ya mtu iliweza kuchomwa kwa neno dogo kuliko lile langu, na kila jioni nilichungulia upande wa kwake kuona kama paa bado lipo. Nililiona, nikaenda kulala. Kesho yake nilichungulia tena.

Yeye aliendelea kutusalimu kila asubuhi, mama akimjibu huku anatazama chini. Salamu hizo zilinizidishia shaka. Mtu asiye na kosa, niliwaza, angegomba. Nilimfuatilia kama askari kanzu. Niligundua kwamba popote palipo na mtoto mdogo yeye huinamisha macho, nikasema moyoni, ehe, anajijua. Nilihitaji sana awe na hatia. Kama hana, basi mwenye hatia ni mimi.

Magokoro alifariki, watu wakachoka kuhama, benchi likajaa tena taratibu. Miaka michache iliyopita mchungaji, katika hubiri la subira, alimtaja Mama Bosibori kwa jina. Alisema Mkristo amngoje Bwana kama alivyongoja mama yule, ambaye hakurudisha neno baya hata moja. Kanisa zima likaitikia amina. Niliishuku amina hiyo, yangu ikiwemo. Kusifu subira ya mtu uliyemkosea ni rahisi, kwa sababu kunakuokoa na kazi ya kumwomba msamaha.

Mwaka jana Moraa alijifungua. Mtoto ni mweupe kama alivyokuwa yeye. Nilimweleza habari yote, akamfunga mtoto mgongoni akasema twende.

Tulimkuta Mama Bosibori mlangoni kwake anachambua mboga. Alipoona Moraa amebeba mtoto, aligeuza uso ukutani.

"Mfunikeni kwanza," akasema.

"Mama, hatumfuniki," nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. "Zile nyuzi zilikuwa za shali. Niliziona nikanyamaza. Na mtoto hakulia siku ile. Nilidanganya."

Aliiweka mboga chini.

"Ile ya manjano," akasema. "Nilijua. Ni mimi nilifuma."

Niliketi chini kwenye majani. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ni yangu, magokoro yako angeichoma siku hiyo hiyo. Na ilikuwa Julai. Huyu angelala na nini?" Alimwonyesha Moraa kwa kidole, bila kugeuka. "Nilisema moyoni, baridi ikiisha nitasema. Baridi ikaisha, sasa hakuna mtu alikuwa anakuja kwangu nimwambie."

Moraa alifungua kitenge akamweka mtoto mapajani mwa yule mama. Mama Bosibori alifumba macho. Alimpapasa mtoto paji la uso, pua, masikio, vidole kimoja kimoja, akitabasamu. Tulimsihi amwangalie. Alitikisa kichwa akasema wacha tu, amezoea. Mpaka tunaondoka hakuyafumbua.

Tangu tumwendee, kanisani wanasema subira yake imezaa matunda. Labda. Nilimkosea, na nina uchungu ambao amina haiutoi. Mdogo wangu alilala na joto Julai ile yote, amefungwa kwenye shali ya mwanamke tuliyemkimbia, na mwanamke huyo hajamtazama mtoto mchanga tangu siku aliponiletea ndizi.