Digrii ya Uji wa Mtoto

Shule niliishia darasa la tatu, lakini boti za chuma hapa Kigoma nimezipaka rangi kuliko waliosoma. Asubuhi ya baridi rangi huwa nzito, haipiti kwenye mashine ya kupulizia. Wengine huongeza petroli. Mimi huliweka debe la rangi kwenye maji ya moto, kisha nadondosha tone mkononi, kama mama anayepima uji wa mtoto.

Siku moja mwenye boti alileta mhandisi, binti mdogo, aje aamue kama nibaki na kazi au apewe mwingine.

"Shikamoo, mzee. Rangi ina digrii ngapi?"

"Marahaba. Digrii ya uji wa mtoto."

Akachovya kipimajoto, akakubali. Nikavimba kichwa.

"Na chuma je?"

Chuma! Nani aliwahi kukiuliza chuma? Nikapapasa ubavu wa boti, kiganja kikalowa. Chuma cha baridi kilikuwa kinatoka jasho, na rangi ya jana ikabanduka kwa ukucha kama ganda la kiazi.

"Nilitaka nione kama utagundua," nikamwambia.

Akacheka mpaka akaishika boti. Kazi akaniachia, pamoja na msasa. Nikakwangua ubavu mzima mwenyewe, huku tukisubiri jua likaushe chuma.