Chai ya Mama Neema

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, jikoni kwangu Midrand, hapa hapa Johannesburg, mwaka 2019, baridi ikiwa bado haijaingia. Na utakachosema mwishoni nakijua, maana wote husema hivyo hivyo: mama, hiyo ilikuwa bangi. Basi sikia. Nilikuwa sijaionja hata tone. Ndiyo kwanza nilikuwa naiepua.

Mume wangu alikuwa mtu wa huku. Nilimpata kwetu Morogoro, enzi zile vijana wa Afrika Kusini walipokuwa wakiishi kwetu wakisubiri nchi yao iwe huru. Kiswahili nilimfundisha mimi, neno kwa neno, huku nikimcheka. Uhuru ulipokuja nikamfuata. Alifanya kazi ya ulinzi hapa Midrand mpaka asubuhi ile aliyoanguka akafa, kwenye taa za barabarani za kuingilia Alexandra, zile ambazo watu wa hapa huziita robot. Alifuata nini Alexandra, na kazi yake iko huku? Hakuna aliyenijibu, nami nikaacha kuuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuniaga. Kila nikilala nilimwomba: njoo mara moja tu, uniite jina langu, halafu uende zako. Sikutaka kitu kingine duniani.

Msibani alitokea mwanamke Mkongo, mshona nguo wa Alexandra, anaitwa Mama Neema. Alisema amesikia kuna Mswahili mwenzake amefiwa. Wakwe zangu walitaka nivae nguo nyeusi mwaka mzima, eda yangu haikuwatosha, nikakubali nisije nikaitwa mchawi. Mama Neema ndiye aliyenishonea, tena bure. Alinipima kiuno huku analia. Nikasema moyoni, ona, mtu baki ananililia mume kuliko ndugu zake. Niamini, nilimpenda yule mwanamke. Akawa anakuja kila wiki, tunaongea mpaka koo linakauka, yeye na Kiswahili chake cha Bukavu, mimi na changu. Alipenda kutazama picha za marehemu, na mimi nilipenda kumwonyesha.

Nilipovua nguo nyeusi, magoti yalikuwa yananiuma na usingizi umenikimbia. Mahakama ilikuwa imeshasema mtu anaweza kuotesha bangi kwake kwa matumizi yake, na hata vikongwe walikuwa na miche yao nyuma ya nyumba. Mama Neema akaniletea mche mmoja kwenye kopo. Nikauhamishia kwenye ndoo ya rangi, nikawa naumwagilia maji ya kuoshea mchele, ukanipita urefu. Ulipokomaa akaja kunifundisha kuupika. Majani unayakausha gizani, unayapitisha kidogo kwenye kikaango kikavu, kisha unayachemsha taratibu ndani ya maziwa yenye mafuta, kwa kuwa maji matupu hayatoi kitu. Unatia tangawizi. Mwisho unatia ganda la chungwa lililokaushwa, na hilo lilikuwa lake mwenyewe, sijaliona kwa mtu mwingine.

"Ganda usisahau, dada," aliniambia. "Bila ile, haiko dawa."

Siku niliyoipika peke yangu ilikuwa alasiri. Mbingu ya Johannesburg inageuka kabla hujaanua nguo. Giza likaingia saa kumi, mvua ya mawe ikapiga bati, na umeme ukakatika kama ulivyozoea kukatika mwaka ule. Nilikuwa napikia gesi. Nikawasha mshumaa, nikachuja chai kwenye kikombe, nikageuka kutafuta sukari. Nilipogeuka tena mume wangu alikuwa amekaa mezani.

Wallahi. Amevaa koti lake la kazi, lile la kijani, ambalo kaka yake alilichukua siku ya kugawa nguo za marehemu akaenda nalo Durban. Nje mawe yanapiga, koti kavu. Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Nilifurahi. Nikashika ukingo wa meza, nikasubiri aniite.

"Mama Neema," akasema.

Nikatazama nyuma yangu, nikidhani ameingia mtu. Hapakuwa na mtu.

Akavuta kikombe, akanusa, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nimefuata harufu," akasema. "Ganda leo umetia jingi." Akapuliza, akanywa. Nimempikia chai mtu yule karibu miaka thelathini, na hii hakuwahi kuinywa kwangu. Akasema amekuja kuaga, kwa sababu asubuhi ile aliondoka Alexandra amemwacha amelala, akamwonea huruma kumwamsha, na alipofika kwenye robot kifua kikambana.

Umeelewa? Mimi nilielewa, ila mwili ulikataa. Nikamuuliza, "Na mkeo je, hukwenda kumuaga?"

"Yule?" akasema. "Yule ni jiwe. Hata makaburini hakulia."

Ni kweli, sikulia mbele ya wakwe zangu. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi. Nikamwambia ni mimi. Nikamtajia jina langu, lile lile nililokuwa namwomba aje alitaje yeye. Akainua mkono kama anayefukuza nzi.

"Hawu, usimtaje huyo humu ndani."

Wala hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulizoea neno hilo.

Umeme ukarudi, friji ikanguruma, kiti kikawa kitupu. Kikombe kilikuwa kikavu mpaka chini. Nilikaa pale na sukari mkononi mpaka kulipokucha.

Asubuhi nikaenda Alexandra. Mama Neema alikuwa kwenye cherehani. Sikumsalimu. Nikamwambia, "Mume wangu alikuja jana kunywa chai yako." Nilitaka akane. Mtu mwenye adabu angekana, japo kwa kunistahi tu. Yeye akaacha kitambaa kikaanguka chini, akanishika mikono yote miwili.

"Alikuya kwako? Kwako wewe? Mi napikaka kila siku ya tano, Ijumaa yenu, namungoja, hakuyaka hata siku moya! Dada, alisema nini? Aliniulizia?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Kumbe hakuwa akinililia mimi. Alikuwa na msiba wake, akaja kuulilia kwenye msiba wangu kwa sababu hakuwa na pa kuulilia. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilinishonea hiyo nguo. Na Kiswahili nilichomfundisha mume wangu kwa mdomo wangu ndicho alichomtongozea mwenzangu. Unadhani nilimpiga? Nilimpa kwaheri yake, neno kwa neno, mpaka lile la jiwe. Haikuwa yangu, ningeifanyia nini? Nikamwacha analia, na tangu siku hiyo hatujaonana.

Mmea niliung'oa nikauzika. Kuuchoma niliogopa, harufu ingemwita. Lakini mji huu siku hizi unanuka bangi kila kona, na upepo ukiileta mimi hufunga madirisha, hata kwenye joto la Desemba. Majirani husema naogopa mzimu. Siogopi mzimu. Najijua: akitokea tena mlangoni nitamvutia kiti, nitamchujia chai, na akiniita Mama Neema nitaitika, ili tu akae. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Nawe uliyefiwa, nisikilize vizuri. Lia, soma dua, toa sadaka, mwache alale. Usimwombe arudi. Mume wangu alipokuwa hai alijua kunidanganya, na mimi nililala usingizi wangu. Aliporudi alikuwa ameshasahau namna.