Kibao cha Ndala ya Bluu

Juzi, dukani Mwanjelwa, niliona kigari cha kuchezea chenye kibao chembamba juu ya paa, na wivu wa utotoni ukanirudia mzima mzima.

Tulikulia Rujewa, mimi na mdogo wangu Rehema. Fulana ya mtumba ya baba ilikuwa na picha ya gari lililobeba kibao kama hicho. Tulijua kazi yake bila kuuliza: ni cha kuweka chini ya tairi gari likikwama kwenye tope, kama walivyofanya madereva wa malori ya mpunga. Basi vigari vyetu vya makopo navyo tukavitengenezea vibao. Changu nilikichonga kwa mti, kikatoka kama mwiko uliovunjika. Rehema alipasha kisu moto, akakata ndala kuukuu ya bluu. Harufu ya mpira ulioungua ilichanganyika na vumbi la pumba kutoka mashineni. Chake kikatoka laini, kimechongoka mbele.

"Mwone mdogo wako," mama aliniambia. "Ana mkono huyu."

Mama alipoingia ndani tu, nilikinyakua cha Rehema nikakitupa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga ili kizame.

"Dada, kibao changu!"

Hakikuzama. Maji yalipojikunja kwenye lango la mfereji, kilipanda juu ya kiwimbi, kikateleza nacho, kikaenda zake. Rehema aliacha kulia, akapiga makofi.

Nilijifariji kwamba kitu chepesi vile kisingefaa kitu kwenye tope.

Juzi muuzaji akanieleza kwamba watu wa pwani za mbali husimama juu ya vibao hivyo wakapanda mawimbi. Kumbe cha Rehema kilifanya kazi yake sawasawa, na aliyekipeleka kazini ni mimi.