Sekunde Kumi na Mbili za Koplo

"Ni hizo mbio zako," mjomba alisema, hata salamu hakutoa. "Akili yote imeshuka miguuni. Nimetoka kwa nesi sasa hivi. Kabati limegoma kuingia."

"Limegoma vipi?"

"Shimo la ukutani lina mita moja na ishirini. Wewe umetengeneza kabati la moja na thelathini. Tumelisukuma watu wanne. Nesi kajishika kiuno, anauliza kama hilo kabati ni lake au la jirani."

Kijana alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Hakuacha. Kwenye karakana ile, ukiacha kazi ili ugombezwe vizuri, unagombezwa mara mbili.

Mjomba alikuwa akimwita Koplo tangu miezi miwili nyuma, siku aliposema anataka jeshi. Si kwa heshima. Tangazo alilibandika juu ya rafu ya misumari: pushapu arobaini, mita elfu mbili na mia nne chini ya dakika kumi na mbili, umri usizidi miaka ishirini na tatu. Pushapu alipiga hamsini, katikati ya mbao, vumbi la msumeno limejaa puani. Umri alikuwa nao, mpaka mwezi ujao. Mbio ndizo zilizomkwama kooni. Kila alfajiri alikimbia barabara ya nyuma, kutoka getini mpaka alama nyekundu aliyoipaka kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali. Mita mia nne, mara sita. Na kila alfajiri simu ilimwambia dakika kumi na mbili na sekunde kumi na mbili. Aliacha chai, zikabaki kumi na mbili. Akala mayai, zilezile kumi na mbili. Siku moja alikimbia tumbo linamkata, akapunguza sekunde moja.

Usaili ulikuwa Jumatatu. Mjomba alishatoa sharti: mpaka Jumamosi jioni, kama hajashuka chini ya dakika kumi na mbili, asije kuomba ruhusa. Na leo ndiyo Jumamosi. Asubuhi zilikuwa kumi na mbili zilezile. Viatu alishavifua na kuvianika, kama vya marehemu. Alingoja tu mjomba amalize kugomba amwambie, basi, nimeacha.

Mjomba hakuwa amemaliza. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Haya, niambie ulipimaje."

"Kama kawaida, Mjomba. Mita moja na ishirini, nikaongeza kumi."

Tepu ya kupimia ya mjomba ilikatwa na msumeno miaka minne iliyopita. Haianzi sifuri, inaanza sentimita ya kumi. Kwa hiyo pale ukitaka mita moja, unasoma moja na kumi. Ukishazoea hufikirii tena, mkono unaongeza wenyewe. Tepu mpya ilikuwepo, imelala kwenye droo na plastiki yake. Mjomba alikuwa haiamini.

"Kwa tepu ipi?" mjomba akauliza. "Juzi nilikuwa kliniki ya macho. Yangu nilikuwa nayo mfukoni."

"Ile ya kwenye droo."

Mjomba akakaa juu ya benchi. "Ile ina kumi zake, we Koplo. Umeiongezea nyingine za nini?"

Hapo msasa ukasimama.

"Mjomba."

"Usiniombe mimi msamaha, kamwombe nesi."

"Siombi. Barabara nayo niliipima kwa hiyohiyo. Mita nne nne, mara mia."

Mjomba akatazama dari, kama anapiga hesabu ya mbao. "Kila mara umezidisha sentimita kumi. Mara mia... mita kumi nzima hizo."

"Mara sita."

"Sitini," mjomba akasema, taratibu, kama aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichokijua.

Hakuna aliyeshangilia. Kijana akaenda kutoa viatu kwenye kamba, bado vibichi. Mjomba akachukua tepu, ile mbovu. Wakaenda mpaka kwenye alama nyekundu, wakarudi nyuma mita kumi, mjomba akaweka tofali. Simu akaishika yeye.

"Ukizimia, zimia karibu na geti," akasema. "Mimi sibebi mtu."

Kijana akatoka. Viatu vililia chwaka, chwaka barabara nzima. Mara ya kwanza miguu ililipita tofali kwa mazoea, ikabidi ageuke na kulirudia. Safari ya tano kifua kiliwaka moto. Ya sita hakuhisi kifua wala miguu, aliona geti tu.

"Kumi na moja, hamsini na saba," mjomba akasema. Akaifuta simu kwa shati, akaitazama tena. "Sekunde tatu. Mtu anaingia jeshini kwa sekunde tatu."

"Wamesema chini ya kumi na mbili, Mjomba. Hawakusema chini sana."

"Haya. Jumatatu nenda. Jumanne asubuhi nakutaka hapa, kuna milango ya shule."

Kijana alikuwa ameinama, mikono magotini. "Nikifaulu wanatuchukua palepale. Jumanne sitakuwepo."

Mjomba akamrudishia simu.

"Basi nitaifanya mwenyewe," akasema. "Nimetengeneza milango kabla hujazaliwa. Picha umeshapiga? Wanataka nne, nyuma pawe bluu."

"Umejuaje?"

"Tangazo lako liko juu ya misumari yangu. Nifumbe macho kila nikitaka msumari?"

Kijana hakuwa na picha hata moja. Siku za Jumamosi studio ilifungwa saa kumi, na hiyo ilikuwa saa tisa na nusu. Akanawa uso bombani, akaazima shati la mjomba lenye kola, akaondoka kwenda kupiga picha. Kwa kutembea.