Kiti cha Nyuma Bombani

Asifiwe Mungu, ambaye siku ya pili ya uumbaji alitenga maji ya juu na maji ya chini. Asifiwe hata kama watu wa Kigobe, mtaa wa kule chini, aliwapa maji, na sisi wa Gihosha, tulio juu mlimani, akatupa subira. Namshukuru kwa yote mawili, maana bila ile subira nisingekuwa na kisa hiki cha kusimulia.

Miaka ile ya vita bomba letu lilikuwa na tabia zake. Lilikuwa moja tu kwa barabara nzima, pale kwenye kona, mbele ya karakana ya mzee mmoja Mwislamu, fundi wa magari, mtu aliyezaliwa mjini na baba yake akazaliwa mjini vilevile. Maji yalipanda kwetu asubuhi, wakati mitaa ya chini haijaamka vizuri. Kule chini wakianza kuoga na kufua, bomba letu lilikohoa, likatema matone, kisha likabaki kupuliza upepo mpaka kesho yake. Saa hasa hakuna aliyeijua. Na siku ambazo milio ya bunduki ilisikika milimani, maji hayakuja kabisa, wala watu wa maji hawakuthubutu kupanda kuona kuna nini.

Kwa hiyo tulipigana. Sisemi vita ile kubwa. Nasema vita yetu, ya akina mama wa kanisa. Desturi ilikuwa kupanga bidoni, yale madumu ya njano, mara tu kuvrefe inapoisha na watu wanaruhusiwa kutoka nje. Kila mmoja alifunga kitambaa kwenye bidoni zake zijulikane, akaziacha mstarini, akarudi nyumbani kuwasha moto. Lakini bidoni za Gihosha zilikuwa na miguu. Asubuhi moja kiongozi wetu wa kwaya aliacha bidoni yake mbele, akaikuta nyuma ya zote, imelala chali. Siku hiyo aliimba kwa sauti ambayo kanisani hatujawahi kuisikia.

Mimi ndiye niliyefundisha akina mama Neno siku ya Alhamisi. Nikaona vema niwafundishe ule mfano wa Bwana wetu kuhusu wageni wanaogombea viti vya mbele karamuni. Niliwaambia: kiti cha mbele mtu hajipi. Wewe kaa nyuma, utulie, mwenye nyumba mwenyewe atakuona na kukuita usogee. Nikaongeza, huku namtazama kiongozi wa kwaya, kwamba hata bombani kuna kiti cha mbele na kiti cha nyuma. Waliitikia Amina nzito. Wawili walifuta machozi.

Asubuhi iliyofuata nilishuka na bidoni yangu, nikakuta jambo ambalo sikuwa nimeliombea. Maji yanatoka, manene kama mkono, yanaanguka chini na kukimbilia mtaroni. Hakuna anayekinga. Akina mama wote wamesimama mbali na bomba, wamebanana ukutani. Mstari ulikuwa na mkia, lakini hauna kichwa.

"Pita, dada," anasema mmoja.

"Apana, mama, pita weye. Mi niko wa nyuma."

"Wa nyuma ni mi! Hapa nyuma nilifika wa kwanza!"

Mmoja akachukua bidoni yake akaiweka nyuma ya mwenzake. Mwenzake akatabasamu kwa utakatifu, akainyanyua ya kwake, akazunguka, akaiweka nyuma zaidi. Kwa mwendo huo mstari ulikuwa unarudi kinyumenyume barabarani, na kila mara ulizidi kuwa mbali na bomba.

Fundi wa magari alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa karakana, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ametuangalia kwa muda.

"Bamama," akasema, "juzi mulipigania mbele. Leo munapigania nyuma. Kwani pale katikati kuna nyoka?"

"Ni somo, baba," akamjibu kiongozi wa kwaya. "Mwalimu ametufundisha."

Wote wakanigeukia kwa macho ya upendo. Ni mwalimu gani ambaye moyo wake usingeyeyuka? Na baada ya kuangaliwa hivyo, ningeendaje mimi kukinga maji? Nikaiweka bidoni yangu nyuma ya zote. Wakapiga vigelegele. Kisha kiongozi wa kwaya akaiweka ya kwake nyuma ya yangu.

Hapo ndipo alipofika jirani yetu mpya, mama wa makamo aliyekimbilia kwetu kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akiuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Yeye alisali kanisa lingine, kwa hiyo somo langu halikuwa limemfikia. Alikuja mbio, bidoni mbili mkononi, kitenge kimefungwa upandeupande.

"Jambo yenu, bamama. Mustari inaanzia wapi?"

Lilikuwa swali jepesi. Mmoja akaonyesha mkia.

"Na mwisho ni wapi?"

"Ni hapo hapo."

Mama yule akayatazama maji yanayokimbia, akatutazama sisi. Nadhani alitaka kuuliza kama tu wazima. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni hapiti mbele ya wenyeji. Hilo alilijua bila kufundishwa Alhamisi. Akaziweka bidoni zake nyuma.

"Mi nitangoja tu," akasema. "Mutoto yangu amezaa. Wametoka materinite sasa hivi. Niko natafuta maji ya kumukanda, na ya kuogesha kale katoto."

Mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, hilo halina mjadala kwetu wala kwao. Na nani asiyefurahia mtoto, hasa miaka ile, tulipokuwa tukienda kuzika mara nyingi kuliko kupongeza? Tulipaza sauti pamoja: "Hongera, mama! Hongera, nyanya!" Kiongozi wa kwaya akaona pongezi hazitoshi. Akashika wimbo wa shukrani. Tukauitikia, sauti zote, na makofi. Tuliimba ubeti wa kwanza vizuri sana. Katikati ya ubeti wa pili bomba likakohoa.

Wimbo ukakatika. Likakohoa tena, likatema kidogo, likaanza kupuliza.

Bonde lenye kijito lilikuwa karibu, ila tangu risasi zilipolia huko wiki ile, hakuna aliyeshuka tena. Maji mengine yangekuja kesho, kama yangekuja.

"Haina neno," akasema yule nyanya, kwa upole ulioniuma kuliko tusi. "Tulishazoea." Akachukua bidoni zake. Bidoni tupu zikigongana zina sauti yake, na sauti ile ilimfuata barabara nzima hadi kwenye kibanda chake nyuma ya migomba.

Fundi alisimama, akafunua pipa lake. Juu ya maji palielea mafuta yenye rangi zote za upinde wa Nuhu. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya radieta. Katoto kataanza kunguruma." Akaingia ndani, akarudi na birika lake la kutawadhia, limejaa pomoni.

"Chukua, mwalimu. Hii ni safi. Mi nikikosa maji, Mwenyezi Mungu amenipa ruhusa nitayamamu, nijipanguse na udongo. Lakini katoto ka jana hakaogi na udongo."

Nikaenda na lile birika, hatua ndogondogo lisimwagike, nikilirudia somo langu kimoyomoyo. Nilikuwa nimewaambia habari za kiti cha nyuma kwa urefu. Habari za mwenye nyumba nilizipitia haraka. Naye ndiye aliyekuwa na kazi karamuni: kutazama wageni, kumwona yule aliye nyuma, kumwita. Sisi bombani tulikuwa wageni watupu. Kila mmoja alingoja kuitwa, na mwenye kuita hakuwapo.

Nilipita njia ya migomba, nisionekane, kwa sababu somo la Alhamisi iliyotangulia lilikuwa lile la sadaka, kwamba mkono wa kushoto usijue wa kuume umetenda nini. Kumbe na hilo walilishika! Mlangoni nilikutana na mama mmoja ana thermosi chini ya kitenge. Kutoka upande wa choo akatokea mwingine na beseni la maji aliyoyaweka akiba ya kufulia. Tulitazamana kama wezi. Kisha migomba ikatikisika, akatoka kiongozi wa kwaya, amekumbatia sufuria iliyofunikwa kwa jani.

"We pia?" akaniuliza.

"Mimi napita tu," nikasema.

"Na mi napita tu."

Nyanya akafungua mlango, akatukuta sote tunapita tu. Akafunua sufuria. Maharagwe matatu yalikuwa yakielea juu.

"Nilikuwa nimeyaloweka," akasema kiongozi wa kwaya. "Nimetoa yote. Karibu yote."

Yule nyanya alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Alicheka hadi machozi, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko. Maji ya thermosi, ya beseni na ya maharagwe yalipashwa moto, mzazi akakandwa. Birika la fundi likaachiwa mtoto. Alipoguswa na maji alilia kwa nguvu, na kiongozi wa kwaya akainamisha sikio kama anapima ala.

"Huyu," akasema, "ni wetu."

Kesho yake maji yalikuja. Katika mstari ule walisimama wanawake ambao redio na bunduki ziliwataka wasisimame pamoja, na bado walisukumana kidogo, kwa heshima, kurudi nyuma. Kiongozi wa kwaya akaenda bombani. Hakukinga. Alisimama tu hapo, mkono kiunoni, akautazama mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, mpaka akamwona nyanya na bidoni zake mbili.

"Rafiki!" akaita, kwa sauti ile ya siku ya bidoni iliyolala chali. "Njoo huku mbele!"

Nyanya akaja mbele, tukimpisha. Tangu siku hiyo tulishika zamu ya kuwa mwenye nyumba wa bomba, na aliyekuwa na zamu alikinga wa mwisho. Siku ya zamu yangu bomba lilikohoa bidoni yangu ikiwa nusu. Fundi akainua kikombe chake cha chai kunisalimu.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie maji ya kutosha na majirani wasiojificha vizuri. Ukiwa mbele, akupe shingo ya kugeuka nyuma. Na siku utakapokuwa nyuma na mikono mitupu, usikose mtu wa kukuita kwa sauti kubwa. Amina.