Ua Nililoliita Simanya

Harufu ya tope la bondeni ndiyo iliyonilea mwaka ule: tope jeusi, majani yaliyooza majini, na unyevu uliopanda mpaka kwenye shuka zetu. Ilikuwa miaka ya themanini. Baba, fundi wa pampu za maji, alihamishiwa Kakuyuni, huko pwani, nami nikaletwa kutoka bara nimpikie na kusoma huko huko. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Nilikuwa na miaka kumi. Baba akiondoka asubuhi harudi mpaka jua limezama, na shuleni wenzangu waliniita "yule wa bara" kwa sababu ya Kiswahili changu cha kuungaunga. Muhula mzima hakuna mtoto aliyelitaja jina langu. Msicheke, lakini nilikuwa nikijiita mwenyewe kwa sauti nikiosha vyombo, nisije nikalisahau.

Basi bonde likawa mwenzangu. Masika yakikolea, maji yalisimama kwenye nyasi mpaka vifundoni, vyura wakapigishana kelele, na katikati ya nyasi likachipua ua ambalo sijaliona kwingine. Petali tatu za zambarau iliyopauka, kikonyo chembamba, na katikati vinywele laini. Tena lilikuwa na maringo: asubuhi limefumba, linafumbuka nikitoka shule, na kabla ya magharibi limeshafumba tena. Niling'oa moja nikalipanda kwenye kopo mlangoni, nikalimwagilia kwa bidii zote. Siku ya pili lilikuwa limelala chali. Lilitaka kukaa na wenzake, miguu majini.

Mwalimu wa sayansi alipotuagiza kila mmoja alete mmea, jina lake na mahali unapoota, moyo uliniruka. Sikutaka alama. Nilitaka Sidi, jirani yangu tuliyesoma naye darasa moja, aniulize, "Umelitoa wapi?" ili nimpeleke. Jina ndilo lililonikwamisha. Nilimkuta bibi yake bondeni akichuma mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwonyesha ua, nikamuuliza linaitwaje. Aliligeuza, akalinusa, akatikisa kichwa polepole. "Simanya," akasema, akarudi kwenye mboga zake. Nami mbio nyumbani, nikilirudia njia nzima lisiniponyoke.

Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya darasa na ua langu lililofumba kabisa, nikasoma kwa sauti: "Ua hili linaitwa simanya. Linaota penye maji." Lo! Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu naye akageukia ubao mabega yakimcheza. Sidi ndiye aliyenifafanulia, machozi ya kucheka yakimtoka: "Simanya ni sijui! Bibi amekwambia hajui!" Masikio yaliniwaka moto. Kigiriama sikukijua hata neno, na watoto wote wale walikinyonya kwa mama zao.

Jioni Sidi alikuja mpaka mlangoni kwetu. "Simanya! We Simanya! Twende bondeni ukanionyeshe!" Nilikuwa nyuma ya mlango, nimenuna, nikadhani amekuja kunicheka. Kesho yake akaita tena. Siku ya tatu hakuita. Muhula ulipokwisha baba alinirudisha kwa mama. Ni ujinga wa kitoto, najua, lakini unaniuma hata sasa: nilichokitamani kilinifuata hadi mlangoni, nami nikakaa kimya kwa kuwa hakikuja na jina langu.

Tangu hapo nimefungua vitabu vingi vya mimea. Picha zinakaribiana nalo, lakini hakuna hata moja ninayoweza kuiapia. Mwaka jana nikaamua kurudi nikalitazame lenyewe. Bonde limejazwa kifusi, pamejengwa nyumba za matofali, na harufu iliyobaki ni ya saruji na sabuni. Chura hakuna hata wa dawa. Nilisimama pale palipokuwa na maji, nisijue niangalie wapi. Mwanamke kijana aliyekuwa akianika nguo alinikaribisha kwa adabu, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia niliishi hapo utotoni, na kwamba jirani yetu alikuwa msichana aitwaye Sidi. Nikamuuliza alihamia wapi.

Akasimama na nguo mkononi, akafikiri, akatikisa kichwa polepole.

"Simanya, mama."

Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikaitika, "Abee."